Kilichomo Mfukoni Mwako

Mpenzi msomaji, kabla hujafika aya ya pili ya makala haya, nakuomba jambo moja dogo. Tia mkono mfukoni. Usichungulie, papasa tu. Kama vazi lako halina mfuko basi uvute mkoba karibu. Haya, umeshika nini? Simu, hapana shaka. Funguo. Labda sarafu mbili tatu za chenji ya jana, karatasi ya peremende, kitambaa cha mkono kilichokunjwa tangu Ijumaa. Na mle ndani zaidi, kwenye pochi au nyuma ya kava ya simu, kile kijikadi chenye picha ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeipenda.

Mimi hupanda matatu kati ya Ruiru na Thika siku tano kwa juma, na kwa muda mrefu nimejifanyia utafiti wangu mwenyewe, usio na karatasi wala digrii. Huwatazama abiria makanga anapoanza kudai nauli. Hapo ndipo mtu hujulikana. Kuna anayetoa noti iliyokunjwa vizuri kama barua ya posa, akiishika tayari tangu Gatitu. Kuna mzee anayelazimika kusimama nusu ili mkono ufike mfuko wa nyuma, huku akiomba radhi kwa jirani yake. Kuna mama anayefungua kibeti ndani ya kibeti ndani ya mkoba. Halafu kuna vijana wa chuo ambao hawajisumbui hata kuinua macho: "Kanga, namba yako?" Wanabonyeza mara nne tano, simu ya makanga inalia, na nauli imelipwa bila mfuko kuguswa.

Niseme wazi kwamba katika mambo haya ya mifuko wanawake tumedhulumiwa. Suruali ya mume wangu ina mifuko minne, shati lake mmoja, koti mitatu. Rinda langu la kazini halina hata mmoja, na suruali yangu ina kijimfuko ambacho hakimezi zaidi ya kidole gumba. Nilimuuliza fundi mmoja wa cherehani mjini Thika sababu yake, akanijibu kwamba mfuko huharibu umbo. Umbo la nani, hakusema. Ndiyo maana shosho zetu walijitafutia suluhisho lao: pesa ilifungwa fundo kwenye pembe ya leso, fundo likachomekwa kiunoni au kifuani, na ilipofika saa ya kukununulia andazi, alikugeuzia mgongo kwanza. Wenye masihara waliiita benki ya kifuani. Hata leo, nenda soko la Jamhuri pale Thika uwaangalie wauzaji wa mboga. Aproni ina mfuko mpana wa chenji, mbele, mahali ambapo kila mtu anauona. Pesa za maana hazikai humo.

Nililelewa Makongeni, Thika, miaka ya tisini. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, na jioni alipoingia nyumbani alitundika koti lake kwenye msumari nyuma ya mlango. Koti lile lilikuwa ofisi kamili. Mfuko wa kifuani ulikuwa na kalamu ya biro na kitana. Wa ndani ulikuwa na kitambulisho, stakabadhi za kodi ya nyumba zilizobanwa na pini, na barua ya kutoka nyumbani iliyosubiri kujibiwa. Wa kulia ulikuwa na kiberiti, ingawa hakuvuta sigara. Alisema mtu asiye na kiberiti hukaa gizani na kulaumu wengine. Wa kushoto ulikuwa na sarafu. Siku ya kufua, mama alikuwa na sheria yake: chochote cha fedha kilichosahauliwa mfukoni ni mshahara wa dobi, na hakuna rufani. Baba alilalamika kwa desturi tu. Nadhani nyingine alizisahau makusudi.

Sarafu zile hazikuwa sawa. Ile ya shilingi 5 yenye pembe saba, iliyoanza kutumika mwaka 1985, haikutumiwa ovyo kununua peremende. Ilikuwa ya simu. Karibu na posta kulikuwa na vibanda vya simu, na jioni foleni ilijipinda kama nyoka. Ulishika sarafu zako mkono mmoja, na mkono wa pili karatasi yenye namba, maana wakati huo namba za simu zilikaa kichwani au kwenye karatasi. Ukifika zamu yako, ulizungumza haraka kama mtangazaji wa mpira, huku ukisikiliza sarafu ikimezwa. Aliyekuwa nyuma yako alijua habari zote za ukoo wako.

Yote hayo yamehama. Barua, karatasi ya namba, sarafu ya simu, picha ya mchumba iliyofichwa kwenye pochi, tochi, saa, kalenda, hata Biblia ndogo ya mfukoni: vyote vimeingia ndani ya kitu kimoja chenye kioo. Na pesa nazo zikafuata. Hapa nataka nikukumbushe jambo ambalo watu wa Thika hatujisifu nalo vya kutosha. Tunapenda kujivunia mananasi na maporomoko ya maji ya Chania, lakini mifuko ya Wakenya ilianza kupungua noti hapa hapa kwetu.

Oktoba 2005, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya M-Pesa kuzinduliwa rasmi nchini mwezi Machi 2007, Safaricom na Vodafone walifanya jaribio pamoja na shirika la mikopo midogo la Faulu Kenya. Walichagua sehemu tatu: katikati ya jiji la Nairobi, Mathare, na Thika. Mawakala walikuwa wanane tu. Wateja hawakufika 500, na kila mmoja alipewa simu. Shabaha ilikuwa ndogo na ya heshima: mwanakikundi apokee mkopo wake na kuulipa kwa simu, badala ya kubeba pesa taslimu hadi kwenye mkutano wa kikundi kila juma.

Lakini mpe Mkenya kitu, uone atakachokifanyia. Haikuchukua muda kabla ya wateja wale kuanza kulipana wenyewe kwa wenyewe. Wengine walinunua muda wa maongezi kwa simu hiyo na kuwatumia jamaa zao mashambani. Wafanyabiashara waliigeuza sefu ya usiku, kwa kuwa benki zilifunga mapema ilhali wakala bado yuko wazi. Kuna na lile linalonifurahisha zaidi: baadhi yao waliweka pesa kwa wakala mwanzo wa safari, wakapanda gari mifuko mitupu, kisha wakazitoa kwa wakala mwingine walikofika, saa chache baadaye. Wazungu waliokuwa wakisimamia jaribio hawakuwa wamelifikiria hilo. Lakini yeyote aliyesafiri barabara ya Thika usiku wa miaka ile, kabla haijapanuliwa na kukamilika mwaka 2012, hahitaji kuelezwa. Abiria wawili walioketi nyuma walisimama ghafla, wakatoa bastola, na kila mtu akaambiwa ageuze mifuko nje.

Kabla ya simu, dawa ya majambazi na wachopozi ilikuwa fundi wa cherehani. Ulimpelekea suruali mpya, ukamnong'oneza, naye akakushonea mfuko wa siri upande wa ndani ya mshipi, mwembamba kiasi cha kuingia noti iliyokunjwa mara nne na kitambulisho. Nje ulionekana huna kitu. Wanaume wengi wa rika la baba hawakuvaa suruali isiyo na mfuko huo. Uweke akilini mfuko huu, msomaji, tutaurudia.

Basi baada ya kuhama kote huko, ni vitu gani vimekataa kuingia ndani ya simu? Ninavyoona mimi ni viwili: ufunguo na kitambulisho. Ufunguo naelewa, mlango ni mlango. Kitambulisho ndicho kinachonishangaza. Una namba yake kichwani, serikali inayo kwenye kompyuta, wakala wa M-Pesa ameiandika kwenye daftari lake mara mia. Hata hivyo hutoki nyumbani bila kadi yenyewe. Ukiisahau unahisi kama umetoka bila viatu.

Sababu moja ni askari wa usiku, na sababu nyingine ni bawabu. Hakuna jengo la maana Thika wala Ruiru utakaloingia bila kuombwa kitambulisho mlangoni, nacho hutupwa kwenye sanduku la mbao pamoja na vya wageni wengine, ukapewa kibati chenye namba. Nimeona sanduku moja lenye vitambulisho vilivyofungwa mpira, vya watu walioingia, wakatoka kwa mlango mwingine na hawakurudi. Sijui wanaishije.

Lakini sababu kubwa ni ya zamani zaidi, na imejificha kwenye neno lenyewe. Hadi leo mtu hukuuliza, "Uko na kipande?" Neno hilo tumelirithi kutoka kwa babu zetu, na kwao halikuwa la utani.

Sheria ya kusajili Waafrika katika Kenya ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kubeba kipande atokapo nje ya eneo la kwao: karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake, jina la chifu wake, jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachiliwa. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, ulikuwa mtoro, na alama za vidole zilitumika kukusaka. Wanawake hawakusajiliwa, sheria ilikuja kubadilishwa mwaka 1978 nao wakaingizwa. Karatasi ile iliwekwa ndani ya kikasha cha chuma, kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Harry Thuku alipowakusanya watu mwaka 1921 na 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yao makubwa, na watu walipouawa kwa risasi Nairobi tarehe 16 Machi 1922 wakidai aachiliwe, lalamiko hilo bado lilikuwa shingoni mwao. Mfumo ule ulibadilishwa mwaka 1947, usajili ukawa wa watu wa rangi zote. Walowezi walipoambiwa nao watie vidole kwenye wino, walipiga kelele kana kwamba wamevuliwa nguo.

Babu yangu alizaliwa miaka ya 1920 na alifanya kazi katika shamba la mkonge nje ya Thika. Alivaa mbugi tangu ujana wake. Nilimfahamu akiwa mzee mtaratibu, mwenye kikopo cha ugoro katika mfuko wa koti na kitambulisho kilichofungwa kwa karatasi ya nailoni. Hakuzungumza sana kuhusu shamba lile. Lakini kuna jambo ambalo sisi wajukuu tulilichukulia kuwa ukaidi wa uzee: hakukubali kitu chochote kining'inie shingoni mwake. Hakuvaa tai, hata siku ya arusi ya wazazi wangu, na picha ipo. Kanisani walimpa rozari, akaibeba mfukoni. Siku moja binamu yangu alirudi nyumbani kutoka kazi yake ya kwanza, katika ofisi moja Ruiru, akiwa na beji ya kazi yenye picha na utepe wa buluu shingoni, amejaa fahari. Babu alimwangalia kwa muda. Kisha akasema, "Hiyo si ungeiweka mfukoni tu?" Binamu akacheka na kumweleza kwamba sharti ionekane. Babu akajibu, "Najua," akaendelea na ugoro wake.

Kwa hiyo nilikulia na dhana kwamba kijikadi kile ni kengele ya mbuzi iliyopigwa pasi. Kisha ikaja Mei 2018, na mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mwashi, akiishi peke yake katika chumba cha kupanga Kimbo, Ruiru, huku familia yake ikikaa Murang'a. Mwezi ule mvua ilinyesha kupita kiasi. Jioni moja ya Alhamisi aligongwa na pikipiki kando ya barabara kuu. Wasamaria wema walimbeba hadi hospitalini akiwa hajitambui. Sisi hatukujua lolote. Ijumaa mkewe alinipigia kuuliza kama nimemwona, kwa kuwa simu yake iliita tu bila kujibiwa, na baadaye ikawa haipatikani kabisa. Nilidhani ameenda Murang'a. Wao Murang'a walidhani yuko kazini. Jumamosi asubuhi mimi na mume wangu tulianza kuzunguka: chumba chake kimefungwa kufuli, majirani hawajamwona, kituo cha polisi hakuna habari. Tulipita kwenye hospitali mbili tukitoa jina lake, tukaambiwa hakuna mgonjwa wa jina hilo. Na kweli hakuwapo mwenye jina hilo. Hospitali ya pili ndiko alikokuwa, amelala wodini, ameandikwa kwenye daftari kuwa mwanamume asiyejulikana.

Simu yake ilikuwa imepatikana, nzima kabisa, ndani ya mfuko wa koti. Ilikuwa na majina yetu sote. Ilikuwa na picha zetu. Iliita mara nyingi usiku ule wa Alhamisi na asubuhi ya Ijumaa, lakini suruali na koti vilikuwa vimefungwa ndani ya mfuko na kuwekwa stoo, na hakuna aliyekuwa karibu kuipokea. Muuguzi alipoitoa, chaji ilikuwa imekwisha. Walipoichaji, ikadai namba ya siri. Mwenye namba amelala kimya, kichwa kimefungwa bendeji. Kitu kile kilichomeza barua na daftari na karatasi ya namba kilikuwa kimefunga mdomo.

Ikawa Jumamosi alasiri. Afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali ile, mama mmoja ambaye nitamshukuru hadi mwisho, aliomba aletewe zile nguo tena. Alituambia baadaye kwamba yeye hukagua nguo kama anayefua, si kama polisi. Alipitisha vidole kwenye ukingo wa suruali, akahisi kitu kigumu upande wa ndani ya mshipi. Mfuko wa siri. Mjomba alikuwa wa kizazi kile. Ndani kulikuwa na noti ya shilingi 500 na kitambulisho. Mfuko uliomficha kwa majambazi ulikuwa umemficha kwa madaktari pia.

Jina sasa lilikuwapo, lakini jina si namba ya simu. Yule mama akageuza kadi. Ukikigeuza chako sasa hivi, kama ni cha aina iliyoanza kutolewa mwaka 1995, utaona wilaya, tarafa, lokesheni na lokesheni ndogo. Ni mpangilio ule ule wa kumtafuta mtoro wa shamba la mkonge: huyu ni wa chifu gani? Akapiga simu huku na huku hadi akampata chifu wa lokesheni ile kule Murang'a. Chifu akampigia naibu wake. Naibu wa chifu akapanda pikipiki kwenye matope, na ilipofika saa mbili usiku alikuwa amesimama uani kwa mke wa mjomba. Saa tatu simu yangu ikalia.

Tangu siku ile nimeshindwa kukubaliana na babu kikamilifu, na nimeshindwa pia kumpinga. Kilichomfunga yeye ndicho kilichomrudisha mwana wake. Hospitali zetu hutoa matangazo magazetini kuhusu maiti ambazo hazijachukuliwa na wenyewe, nawe umeyaona. Katikati ya majina kuna mistari inayosema tu: mwanamume mzima, hajulikani. Mwanamke mzima, hajulikani. Zamani nilikuwa nikiruka ukurasa huo. Sasa huusoma, na kila mstari hujiuliza huyu alikuwa na nini mfukoni, na nani aliyepapasa.

Mjomba alifungua macho Jumatatu. Alikaa wodini wiki tano, na hadi leo mguu wa kushoto humsumbua siku za baridi. Siku ya kumtoa tulikabidhiwa vitu vyake ndani ya bahasha ya kaki, nikatia sahihi kwenye orodha: simu moja, kitambulisho kimoja, noti ya shilingi 500, sarafu nne, kitana, penseli ya mwashi, kijiti cha kuchokolea meno, funguo mbili. Ufunguo wa kwanza ulikuwa wa chumba cha Kimbo. Wa pili ulikuwa mdogo, wa kufuli la zamani, umelainika kwa kushikwashikwa. Mkewe aliugeuzageuza akasema haujui. Tuliujaribu kwenye sanduku lake la vifaa, ukakataa. Tukaujaribu kwenye kabati kule Murang'a, ukakataa. Mwisho tukamuuliza mwenyewe unafungua nini. Akaushika, akautazama kama anayemkumbuka mtu, akatabasamu, akautia mfukoni.